Kaa kwanza mbele ya mita: namna ya kuisaidia familia ya kipato kidogo kupunguza matumizi ya nishati

Siku ya kwanza ninapoingia nyumbani kwa mtu nabeba daftari, penseli, saa yenye mshale wa sekunde, kipimajoto kidogo cha friji na kipande cha karatasi nyembamba. Vipeperushi naviacha. Naomba kiti, na kama kiti hakuna tunasimama, mimi na yule anayepika, tukiitazama mita. Dakika 20 za kwanza sishauri chochote.

Kazi ya kutembelea nyumba nimeifanya kwa miaka 9. Kabla ya hapo mimi ndiye niliyekuwa natembelewa. Nililea watoto watatu katika vyumba viwili ambamo uniti za mwezi ziliisha tarehe 20, na siku zilizobaki tuliishi kwa mshumaa na mkaa wa kukopa. Waliokuja kutushauri walituambia tuzime taa. Tulikuwa na taa mbili, na zote tulikuwa tukizizima. Nilibaki na uchungu wa mtu aliyeonywa kwa kosa asilolitenda, na uchungu ule umenifundisha kazi hii kuliko mafunzo yoyote niliyopata baadaye.

Basi anzia hapo: familia yenye kipato kidogo kwa kawaida imekwisha kubana kila inachokiona. Kinachoimaliza kimejificha mahali, na wewe umekwenda kukitafuta pamoja nayo.

Kuilaumu taa si kosa la maskini peke yao. Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walichapisha majibu ya watu 505 walioulizwa ni jambo gani moja lingewasaidia zaidi kuokoa nishati. Jibu lililotajwa kuliko yote lilikuwa kuzima taa. Watu haohao walipoulizwa vifaa mbalimbali hula umeme kiasi gani, vile vikubwa walivikisia chini mno. Si ajabu, kwani mwanga tunauona, joto hatulioni.

Nawe usije ukakata tamaa ukidhani mazoea hayana uzito mbele ya kuta mbovu na vifaa vya zamani. Miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walipima nyumba za mji wa Twin Rivers, New Jersey, zilizojengwa kwa ramani ileile. Kulikuwa na nyumba zilizotumia nishati mara mbili na zaidi ya zile zilizotumia kidogo. Kilichotofautiana sana ni watu waliokuwa wakiishi ndani.

Soma mita pamoja nao

Uniti moja ni wati 1000 zinazotumika kwa saa nzima. Andika hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa, kisha mfundishe mwenye nyumba kuisoma mita kama anavyosoma saa.

Mita nyingi za kisasa zina kitaa chekundu kinachopepesa, na kando yake imeandikwa idadi ya mipepeso inayokamilisha uniti moja. Tuseme ni 1000. Hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha gawa 3600 kwa sekunde hizo. Ukipata sekunde 36, nyumba inatumia wati 100 wakati huo. Ukipata sekunde 2, inatumia wati 1800, na hapo lazima kuna kitu kinachopasha joto. Kama mita inaonyesha namba nyingine, mfano 1600, chukua jibu ulilopata, lizidishe kwa 1000 halafu ligawe kwa 1600. Mita za zamani zina kisahani kinachozunguka chenye alama ya rangi pembeni. Hesabu ni hiyohiyo, mzunguko ukishika nafasi ya mpepeso.

Sasa zimeni kila kitu, friji pia ichomolewe kwa dakika chache, mwangalie kitaa. Kikitulia, vizuri. Kikiendelea kupepesa, umepata kazi yako ya kwanza, na kazi hiyo haihusu tabia ya mtu yeyote.

Niliwahi kukaa na dada mmoja aliyekuwa akilia kwamba watoto wake wanamaliza umeme. Tulizima vyote. Kitaa kikaendelea, mpepeso mmoja kila sekunde 18. Hizo ni wati 200, usiku na mchana, karibu uniti 5 kila siku inayopita. Tulizunguka jengo zima mpaka tukaziona: taa mbili za nje, balbu za wati 100 kila moja, zimeunganishwa kwenye mita yake, hazina swichi, zinawaka hata jua likiwa utosini. Alikuwa akimulika njia ya wapangaji wote na kuwagombeza watoto wake kwa ajili hiyo. Tulimwandikia mwenye jengo hesabu kwenye karatasi moja, fundi akahamisha waya. Mwezi ule watoto hawakuambiwa kitu. Kufungua mita au kugusa waya si kazi yako wala ya mwenye nyumba, hata kama mnajua mnachokifanya. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kibali.

Kama mita moja inalisha familia kadhaa, uliza mapema bei ya uniti inapangwaje. Mahali pengi uniti za mwanzo za mwezi ni nafuu, na bei hupanda matumizi yakivuka kiwango fulani. Familia nne zenye matumizi madogo zikikusanyika kwenye mita moja huvuka kiwango hicho mapema na kulipa kama tajiri mmoja. Hapo kuomba mita ya pekee au mita ndogo za kila chumba kunaweza kusaidia kuliko mwaka mzima wa kubana.

Fuata joto

Baada ya mita, zungukeni nyumba mkitafuta kitu kimoja tu: wapi umeme unageuzwa kuwa joto. Pasi, birika, hita ya maji, bafu la maji ya moto, jiko, oveni. Vifaa vya mwanga, sauti na picha ni walaji wadogo. Vya joto ndivyo vinavyobeba mzigo.

Fanya hesabu mbele yao, maana namba ukiletewa na mgeni hukaa siku moja, na ukiikokotoa mwenyewe hukaa. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila siku hula uniti 1.35 kwa mwezi. Balbu ya zamani ya wati 60 kwa muda uleule hula uniti 9, kwa hiyo kubadilisha balbu kuna maana, na ni jambo la kufanya mara moja. Lakini bafu la umeme la wati 5000 likifunguliwa dakika 10 limekwisha kula uniti 0.83. Watu wanne wakioga hivyo kila siku, mwezi umeondoka na uniti 100. Wakioga dakika 5, zimebaki 50. Hakuna balbu itakayowapa uniti 50.

Pasi ya wati 1200 ikitumika nusu saa kila asubuhi, hata ukitoa muda inapojikata yenyewe, hufika kama uniti 10 kwa mwezi. Sehemu kubwa ya moto huo huishia kuipasha pasi yenyewe kwa ajili ya shati moja. Wape ushauri wachague siku moja ya juma ya kupiga pasi, nguo zipangwe kuanzia zinazotaka moto mdogo kwenda zinazotaka moto mkali, na mwishoni pasi izimwe, leso na vitambaa vyepesi vimalizwe na joto lililobaki. Nguo ikikung'utwa vizuri kabla ya kuanikwa, ikakunjwa ikiwa bado na unyevu kidogo, nusu ya makunyanzi imeondoka bila moto.

Chaja ya simu mwache nayo. Nimeona washauri wakitumia nusu saa nzima juu ya chaja. Simu ikichajiwa kila siku mwaka mzima hula uniti chache tu, na ukimbana mtu kwenye jambo hilo atachoka kabla hujafika jikoni.

Jikoni, kaa sana

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu, iwe nyumba inapikia umeme, gesi, mkaa au kuni. Jambo la kwanza kulieleza ni jinsi maji yanavyofanya kazi, na nimeona uso wa mpishi wa miaka 40 ukibadilika alipolielewa.

Maji yakishachemka hayapandi joto tena. Kwenye usawa wa bahari ni nyuzi 100, na hata ukiuzidisha moto maradufu yatabaki kwenye nyuzi 100. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke tu. Mvuke huo una gharama kubwa: kuchemsha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji nishati ya karibu uniti 0.09, lakini kuikausha lita hiyohiyo mpaka yote iwe mvuke huhitaji 0.63, karibu mara saba. Kwa hiyo sufuria inayotokota kwa kishindo, bila kifuniko, inamwaga hewani nishati nyingi kuliko iliyotumika kuifikisha pale. Chakula kinaiva kwa joto la maji. Kishindo hakikiivishi.

Kutokana na hilo mambo matatu yanafuata yenyewe. Funika. Punguza moto mara tu yanapoanza kuchemka, uache mapovu madogo ya pembeni. Na usiweke maji kupita unayohitaji. Kwa birika la umeme, pima maji kwa kikombe utakachonywea.

Maharage makavu na nafaka nyingine ngumu ziloweke tangu usiku. Punje iliyokwisha kunywa maji huiva kwa muda mfupi sana kuliko kavu. Kama ipo sufuria ya presha, ndani yake maji hufika karibu nyuzi 120 kwa kuwa mvuke umezuiwa, na kinachoiva kwa saa mbili huweza kuiva chini ya saa moja. Kagua mpira wake na tundu la kutolea mvuke kabla ya kumshauri mtu aitumie.

Asiye na sufuria ya presha mfundishe kikapu cha kuhifadhi joto. Hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakinunuliwi. Tafuta kikapu au boksi gumu lililo pana kuliko sufuria kwa upana wa kiganja kila upande. Jaza chini na pembeni nguo kuukuu, blanketi lililochoka au majani makavu, ukiacha shimo la ukubwa wa sufuria. Shona mto mdogo wa kufunika juu. Chakula kikishachemka, kikiwa kimefunikwa, kitumbukize humo haraka, funika kwa mto, na usifungue. Kitaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe kwa saa kadhaa. Bibi mmoja niliyemtembelea alitumia mabaki ya godoro. Ukifanya hivyo, weka kitambaa kizito cha pamba kati ya sufuria na sponji, maana sponji huyeyuka, na hakikisha chini ya sufuria hakujashika kaa la moto.

Kuna masharti ambayo siyaachi hata mtu awe na haraka vipi. Sufuria iwe imejaa angalau zaidi ya nusu, kwa kuwa chakula kidogo hupoa upesi. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo joto la chini haliiondoi, kwa hiyo maji ya kulowekea yamwagwe na maharage yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kuingia kikapuni. Mimi huyaachia nusu saa kamili. Na chakula kikitolewa kirudishwe motoni kichemke tena kabla ya kuliwa. Kikikutwa ni vuguvugu, kimekaa kupita kiasi. Usimpe mtoto.

Maji ya kunywa nayo yana hazina. Nyumba nyingi huyaacha yachemke dakika 15 au 20, kwa kuogopa maradhi, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba maji yakifika kuchemka kwa nguvu, yatolewe motoni na yaachwe yapoe yenyewe. Kwa wanaoishi milimani, juu ya mita 2000, inashauriwa kuyaachia dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Nikikumbuka nilivyokuwa nikichemsha maji ya wanangu kwa mkaa wa kukopa, natamani mtu angeniambia hili peke yake.

Wanaopikia kuni: zikauke. Kuni mbichi hutumia joto lake lenyewe kukausha maji yaliyomo ndani kabla ya kuivisha chochote, na moshi mzito ni mafuta ya kuni yanayokwenda bure machoni. Zipasuliwe nyembamba, zipangwe juani, ziingizwe jikoni chache chache. Jiko likae mahali ambapo upepo hauli moto. Mkaa ukibaki, ufunikwe ukose hewa uzime, kesho utawaka tena. Usimwagiwe maji.

Nami sitenganishi kuni na mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kila nusu saa ya moto uliopunguzwa kwa kuloweka na kufunika ni nusu saa ya moshi ambayo mama na mtoto wa mgongoni hawakuivuta. Dirisha lifunguliwe wakati wa kupika, au jiko litoke nje. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala kupasha joto, hata likiwa halitoi moshi. Hewa yake haina harufu, na huua watu usingizini.

Friji, na kosa nililolifanya

Mwaka wangu wa pili nilimshauri mama mmoja azime friji kila usiku. Sikumwuliza ndani kuna nini. Kulikuwa na insulini ya mumewe. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na chumba chao kilikuwa cha joto kali. Baada ya wiki waliambiwa waitupe. Nilikwenda kuomba radhi nikachangia kununua nyingine, na tangu siku hiyo swali langu la kwanza mbele ya friji yoyote ni hili: kuna dawa humu?

Tena kuzima friji usiku hakusaidii kama watu wanavyodhani. Joto lililoingia usiku kucha lazima litolewe asubuhi, na chakula kimekaa pabaya katikati. Iache iwake, uitunze. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, kiache usiku mzima. Ukikuta nyuzi 4, usiguse kitu. Ukikuta 1 au 2, punguza baridi. Fungia ile karatasi nyembamba mlangoni, nusu ndani nusu nje, uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka. Mara nyingi unahitaji kuoshwa tu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mgongo wa friji uwe na nafasi ya kupumua ukutani, vumbi la nyaya za nyuma lifagiliwe ikiwa imechomolewa. Barafu ikifika unene wa kidole, iyeyushwe, bila kuchokoa kwa kisu.

Chakula cha moto kipoe nje kwanza, kisizidi saa mbili.

Vinavyokula vikiwa vimelala

King'amuzi cha televisheni kikizimwa kwa rimoti mara nyingi huendelea kula karibu kama kilivyokuwa kinawaka. Wati 15 saa zote ni karibu uniti 11 kwa mwezi, zaidi ya ile balbu ya zamani. Dawa yake ni kuzima kwenye soketi au ekstensheni yenye swichi. Spika na mashine za michezo ya video vivyo hivyo. Feni hula kidogo, wati 50 hadi 75, na inapoza watu, haipozi chumba. Asipokuwepo mtu, izimwe. Kiyoyozi mara nyingi kinavuka wati 1000, kwa hiyo feni ikisaidia kukiondoa saa mbili tu, mmefanya kazi kubwa.

Tabia mpya ipande juu ya ya zamani

Hadi hapa umejua nyumba inapovuja. Sasa inakuja sehemu ambayo washauri wengi huiharibu: wanaacha orodha ya mambo 15 na kuondoka. Mimi huacha moja, mbili zikizidi sana. Anayechagua ni familia, mimi nimeshatoa hesabu.

Kila tabia mpya ifunge kwenye jambo ambalo tayari linafanyika bila kufikiriwa. Maharage hulowekwa wakati vyombo vya usiku vinaoshwa, kwa hiyo bakuli la kulowekea linalala juu ya sinia la vyombo. Ekstensheni ya televisheni huzimwa na mkono uleule unaofunga komeo la mlango. Kifuniko huning'inizwa msumarini juu ya jiko, mahali ambapo lazima ukione. Ukimwambia mtu "kumbuka", umempa mzigo. Mpe kitu kitakachomkumbusha.

Kisha rudi. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL jijini London walifuatilia watu 96 waliojaribu kujenga mazoea mapya. Kwa wastani yalichukua siku 66 kukaa, na tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Ziara moja haitoshi. Narudi baada ya wiki mbili, mwezi mmoja na miezi mitatu. Kwa siku zilizo katikati, mtoto anayejua kusoma ndiye mwandishi wa daftari: kila Jumapili jioni, saa ileile, anaandika namba ya mita. Watoto huipenda kazi hii, na haihitaji kumpeleleza mzazi.

Angalia unavyolinganisha. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi iliyofanyika katika nyumba 290 za San Marcos, California. Kila nyumba ilionyeshwa matumizi yake na wastani wa majirani. Waliozidi wastani walipunguza. Waliokuwa chini ya wastani waliongeza, kama watu walioruhusiwa. Lakini wengine wa kundi hilo, waliochorewa uso unaotabasamu kando ya namba yao, waliendelea kubaki chini. Kwa hiyo nikikutana na familia iliyokwisha kubana, naisifu kwa sauti, tena mbele ya watoto. Na nyumba ninailinganisha na yenyewe ya mwezi uliopita. Ya jirani siitaji.

Zungumza na anayepika, hata kama anayelipa ni mwingine. Nimeona mume akipokea ushauri wote sebuleni, kisha akaupeleka jikoni kama amri. Tabia haikudumu wiki.

Pesa inayobaki ipewe jina mapema. Isipopewa jina inapotea, na mwezi wa tatu watu husema "hatuoni faida". Familia moja iliamua ile tofauti iende kwenye daftari za shule, wakaiweka kwenye kopo kila wiki. Nyingine iliamua kuitumia kuwasha taa ya chumba cha bibi usiku kucha, maana alikuwa akijikwaa. Matumizi yao yalishuka kidogo tu, na niliyaandika kama ushindi.

Usivyovigusa

Taa ya mtoto anayesoma. Friji yenye dawa. Maji salama. Joto la mtoto mchanga, mgonjwa na mzee: kwa nchi za baridi Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba ndani ya nyumba kusishuke chini ya nyuzi 18. Wengi hushusha zaidi kwa sababu ya pesa, kisha huugua. Ukikuta nyumba iko chini ya hapo, ushauri wako ni kuziba nyufa za milango na madirisha, kuvaa, kukaa chumba kimoja wakati wa jioni, na kutafuta msaada wa malipo. Kupunguza usitaje.

Zipo nyumba ambazo baada ya kupima kila kitu utakuta hakuna cha kupunguza. Sema hivyo waziwazi. Waambie mmekagua, na wanatumia kidogo kadiri inavyowezekana. Niliposema maneno hayo kwa mara ya kwanza, mama wa nyumba alikaa kimya, kisha akaniomba niyaandike kwenye daftari na nitie sahihi, amwonyeshe mumewe.

Ziara ya miezi mitatu ni fupi. Tunasoma mita, tunahesabu mipepeso, namba tunaiweka kando ya ile ya siku ya kwanza. Karatasi ya mlango wa friji ninaijaribu tena. Nikiondoka namwachia mtoto daftari na penseli, na nimemwandikia tarehe za Jumapili mpaka mwisho wa mwaka.